Haluli Ndani ya Mshipa? Magnesiamu kwa Majeruhi Walio Mahututi

Mwezi huu tunaanza na mkasa tuliosimuliwa na mama mmoja wa parokia ya jirani. Ametuomba tuueleze ili familia nyingine zisifike pale familia yake ilipofika.

Kijana wake, fundi seremala wa miaka 24, aligongwa na gari usiku akiwa amepanda pikipiki. Paja lilivunjika, mbavu nazo zilivunjika, na damu nyingi ilimwagika kabla hajafikishwa hospitali. Alipasuliwa usiku uleule, akaongezewa damu chupa nyingi, kisha akalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Siku ya pili mapigo ya moyo yakaanza kwenda ovyo na mikono ikawa inatetemeka. Damu yake ikapimwa. Baada ya muda muuguzi akaja na chupa ndogo ya dripu, akaitundika kando ya ile kubwa.

"Sista, hiyo nayo ni dawa gani?" akauliza baba mkubwa wa kijana.

"Ni magnesiamu salfeti, mzee. Damu yake imeonyesha kwamba amepungukiwa."

Miongoni mwa ndugu waliokuwa wakichungulia mlangoni alikuwamo mmoja aliyewahi kuuza katika duka la dawa. Akanong'ona, "Baba, magnesiamu salfeti ndiyo chumvi ya haluli."

Mzee akasimama. "Haluli! Mtoto amemwaga damu yote, hajala siku mbili, na ninyi mnampa dawa ya kuharisha? Mfungueni hiyo mipira, tunaondoka naye."

Ilibakia kidogo kijana yule atolewe hospitalini. Bahati njema daktari wa zamu alikuwa mtu wa subira. Alimwamkia mzee, akamketisha kwenye benchi nje, akamweleza jambo lote taratibu mpaka akaelewa. Lakini si kila usiku daktari ana nafasi ya kukaa kwenye benchi. Kwa sababu hiyo tumeona heri tuyaeleze hapa, mapema, wakati sote tumetulia na hakuna mgonjwa kitandani.

NI KWELI NI HALULI?

Ndugu ya kijana hakusema uongo. Salfeti ya magnesiamu ndiyo ile chumvi chungu, nyeupe, ambayo bibi zetu walitunywesha tulipofunga choo. Wazungu huiita chumvi ya Epsom kwa sababu zamani, tangu karne ya 17, watu wa mji wa Epsom huko Uingereza waliipata kwa kuchemsha maji machungu ya chemchemi yao.

Sasa, kwa nini haluli ikinywewa huharisha, na ikitiwa mshipani haiharishi? Jibu ni rahisi. Chumvi hii ikinywewa kwa wingi, utumbo hauwezi kuifyonza yote. Ile inayobaki tumboni huvuta maji kuyaingiza ndani ya utumbo, na maji hayo ndiyo yanayotoka kama harisho. Lakini ikiingia kwa njia ya mshipa haipiti tumboni hata kidogo. Inakwenda moja kwa moja kwenye damu, na kutoka hapo kwenye misuli, moyo, neva na mifupa. Kile kisichohitajiwa hutolewa na figo kwa njia ya mkojo.

Kwa hiyo chumvi ni moja, lakini njia mbili, na kazi mbili tofauti kabisa. Tunaongeza onyo: dawa ya mshipa hutengenezwa kiwandani kwa usafi mkubwa na kwa kipimo kinachojulikana. Haluli ya dukani isitiwe kamwe katika sindano. Wala asinyweshwe majeruhi eti kwa kuwa tumesikia magnesiamu ni nzuri. Kuharisha kutamwongezea upungufu wa maji aliokuwa nao.

KAZI YA MAGNESIAMU MWILINI

Magnesiamu ni madini ambayo Mwenyezi Mungu ameyaweka katika vyakula vyetu vya kawaida: mboga za majani, maharage, karanga, korosho, ulezi, na unga wa dona ambao haukukobolewa. Mwili wa mtu mzima una gramu 25 hivi za madini haya. Zaidi ya nusu imo ndani ya mifupa, na nyingi ya iliyobaki imo ndani ya misuli na viungo vingine. Ile inayozunguka katika maji ya damu haifikii hata sehemu 1 katika 100.

Ingawa ni kidogo, kazi yake ni kubwa. Zaidi ya vimeng'enya 300 vya mwili huitegemea ili vifanye kazi. Husaidia chembe za mwili kutumia nguvu inayotokana na chakula. Husaidia misuli ilegee baada ya kukaza, na neva zitulie baada ya kupeleka ujumbe. Husaidia moyo upige kwa mpango. Tena huwalinda ndugu zake wawili, yaani potasiamu na kalsiamu. Magnesiamu ikipungua sana, hao wawili nao hupungua, na daktari anaweza kumpa mgonjwa potasiamu chupa baada ya chupa bila mafanikio, mpaka kwanza arudishe magnesiamu.

KWA NINI MAJERUHI HUPUNGUKIWA?

Mtu aliyeumia vibaya huweza kupoteza magnesiamu kwa njia nyingi kwa wakati mmoja:

1. Damu inayomwagika huondoka na madini yake. Maji mengi ya dripu anayotiliwa ili shinikizo la damu lisishuke huifanya damu iliyobaki iwe nyepesi.

2. Damu ya kuongezewa hutiwa dawa ya kuizuia isigande wakati inapohifadhiwa. Mgonjwa akipewa chupa nyingi kwa haraka, dawa hiyo huikamata kalsiamu na magnesiamu iliyomo katika damu yake.

3. Baadhi ya dawa zinazohitajika kumwokoa, kama vile zile za kuongeza mkojo na baadhi ya dawa za kuua vijidudu, hufanya figo zipoteze magnesiamu.

4. Mpira unaopitishwa puani kutoa maji ya tumbo, na kuharisha, navyo huongeza upotevu.

5. Wengine walikuwa wamepungukiwa hata kabla ya ajali: walio na utapiamlo, wenye kisukari kisichotunzwa vizuri, na hasa wanywaji wa pombe wa siku nyingi.

Kwa hiyo haishangazi kwamba upungufu wa magnesiamu huonekana mara nyingi katika vyumba vya wagonjwa mahututi ulimwenguni kote. Dalili zake ni misuli kutetemeka au kubanwa, udhaifu, kuchanganyikiwa, degedege, na mapigo ya moyo yasiyo na mpango. Lakini majeruhi aliyelazwa usingizi kwa dawa hawezi kusema anajisikiaje, na mtetemo wake unaweza kudhaniwa ni kitu kingine. Ndiyo sababu daktari hutegemea kipimo cha damu. Hata hivyo, kwa kuwa sehemu iliyomo katika damu ni ndogo mno, kipimo kinaweza kuonyesha hali nzuri wakati ghala la mwili ni tupu. Kwa hiyo daktari hulinganisha kipimo na hali ya mgonjwa mwenyewe.

INAVYOTOLEWA, NA HATARI ZAKE

Kwa mgonjwa wa aina hii, njia ya mshipa ndiyo inayofaa, maana tumbo lake mara nyingi halifanyi kazi sawasawa, na dawa inahitajika upesi. Upesi huo hauna maana ya kusukuma sindano yote kwa mkupuo. Dawa ya magnesiamu huchanganywa na maji ya dripu, ikaingia taratibu kwa muda wa saa kadhaa. Ni pale tu moyo unapopapatika kwa namna ya kutishia uhai ndipo madaktari huitoa kwa haraka, na hapo huwa wamesimama kando ya kitanda wakiangalia mashine ya moyo.

Ikiingia haraka mno, mgonjwa aliye macho husikia joto kali usoni na kifuani, akatoka jasho, akasikia kichefuchefu. Shinikizo la damu linaweza kushuka. Ikizidi kipimo katika damu, hatari huja kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni mshtuko wa goti kupotea, yaani ule mruko wa mguu daktari anapogonga chini ya goti kwa nyundo ndogo. Ngazi ya pili ni pumzi kupungua mpaka kusimama. Ngazi ya mwisho ni moyo wenyewe kusimama.

Tunayaandika haya si ili tuwatishe. Tunataka muelewe kwa nini wauguzi hufanya mambo ambayo kwa macho ya jamaa huonekana ni usumbufu. Wanapomgonga goti mgonjwa, hawamwonei. Wanatazama kama bado yuko mbali na ngazi ya hatari. Wanapohesabu pumzi zake kwa saa, ni kwa sababu hiyo. Na wanapopima mkojo uliomo mfukoni chini ya kitanda, wanataka kujua kama figo zinaitoa dawa iliyozidi. Mkojo ukipungua sana, dawa hubaki mwilini na kujikusanya. Ndiyo maana mwenye ugonjwa wa figo hupewa kiasi kidogo zaidi, au hapewi kabisa.

Tena dawa hii ina kinga yake. Ikizidi, daktari huisimamisha na kutoa sindano ya kalsiamu glukoneti mshipani, ambayo huipinga. Mahali panapotolewa magnesiamu panapaswa kuwa na kalsiamu tayari karibu.

JE, HUPONYA UBONGO ULIOUMIA?

Hapa tunafika kwenye swali ambalo tumeulizwa na zaidi ya mtu mmoja. Wapo wanaozungumza kwamba magnesiamu ikitiwa mshipani huponya ubongo wa mtu aliyeumia kichwa. Tunajua baba aliyekuwa tayari kuuza shamba lake ili amtafutie mwanawe chupa nyingi za dawa hiyo, ambayo kwa kweli si ghali hata kidogo, kwa kuwa mtu alimwambia ndiyo inayoamsha waliozimia.

Fikra hiyo haikutoka hewani. Ubongo unapogongwa, madhara hayaishi palepale. Katika saa na siku zinazofuata, kalsiamu huingia kwa fujo ndani ya chembe za ubongo na kuziharibu. Magnesiamu huweza kuziba baadhi ya milango inayopitisha kalsiamu hiyo. Wataalamu walipojaribu kwa wanyama waliona matokeo mazuri, wakajawa na matumaini makubwa.

Lakini mnyama si mtu. Huko Seattle, Marekani, madaktari wakachukua majeruhi 499 walioumia kichwa kwa kiasi cha kati au vibaya sana. Kwa kura, baadhi walipewa magnesiamu mshipani kuanzia ndani ya saa 8 tangu kuumia, ikaendelea kwa siku 5. Wengine walipewa maji yasiyo na dawa. Ili pasiwe na upendeleo, waliowahudumia hawakujua nani anapata nini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007. Magnesiamu haikuwasaidia. Waliopewa dawa hawakupona vizuri kuliko wengine, na zilikuwepo ishara kwamba huenda iliwadhuru.

Bila shaka madaktari wale walisikitika. Lakini sisi tunaona kwamba walitenda jambo la heshima: walilipima tumaini lao wenyewe, na lilipoonekana si la kweli, walisema wazi. Kwa sababu hiyo leo daktari hampi mtu magnesiamu eti kuuponya ubongo. Anaitoa kama damu ya mgonjwa imeonyesha upungufu, au kama kuna sababu nyingine inayojulikana. Basi mtu akikushauri uuze shamba kwa ajili ya dawa hiyo, mwambie asante, na shamba libaki. Fedha hiyo utaihitaji kwa safari za hospitali, kwa chakula cha mgonjwa, na kwa mazoezi ya viungo baada ya kutoka.

Kuna funzo jingine la namna hiyohiyo. Uchunguzi umeonyesha kwamba wagonjwa mahututi wenye magnesiamu pungufu hufa zaidi kuliko wale ambao ya kwao iko sawa. Watu wengi wangesema, "Basi wote wapewe, watapona." Haiwi hivyo. Upungufu waweza kuwa ni alama ya ugonjwa ulio mzito, kama vile moshi ulivyo alama ya moto. Kuufukuza moshi hakuzimi moto. Kurudisha magnesiamu iliyopungua ni sehemu moja ya matunzo, pamoja na kuzuia damu, kufunga mifupa, kusafisha vidonda, kumsaidia apumue na kumlisha.

PEPOPUNDA: HAPO INA KAZI

Upo ugonjwa mmoja unaotokana na majeraha ambao magnesiamu ya mshipa imeonyesha msaada wa kweli, nao ni pepopunda.

Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi. Huingia kwenye kidonda, hata kidonda kidogo cha msumari au mwiba, na huko ndani hutoa sumu inayoshika neva. Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia. Taya hukaza, mgongo hupinda, na mwili wote hukakamaa kwa maumivu makali kila panapotokea sauti, mwanga au mguso. Baadaye moyo nao huvurugika, mara unakwenda mbio, mara shinikizo la damu linapanda na kushuka.

Mwaka 2006 zilitangazwa habari za uchunguzi uliofanyika katika mji wa Ho Chi Minh, nchini Vietnam, kwa wagonjwa 256 wa pepopunda kali. Waliopewa magnesiamu mshipani kwa muda wa hadi siku 7 walihitaji dawa chache zaidi za kutuliza mikazo ya misuli, na mioyo yao ilitulia kwa urahisi zaidi. Lakini tuseme ukweli wote: haikupunguza idadi ya waliohitaji mashine ya kupumulia, wala idadi ya waliokufa. Ni msaada, si muujiza.

Kwa hiyo dawa iliyo bora ya pepopunda ni kutoipata. Chanjo ipo, na kinamama wengi huipata wakati wa ujauzito. Wanaosahauliwa ni wanaume. Mkulima, fundi, dereva wa pikipiki na mchimba mchanga huchanjwa utotoni, kama walichanjwa, kisha basi. Kila mwenye jeraha lililoingia uchafu aende kituo cha afya aulize juu ya chanjo ya pepopunda. Na kabla ya kwenda, kidonda kioshwe kwa maji safi mengi na sabuni. Kisipakwe samadi, udongo, majivu wala unga wa betri.

Tukumbushe pia kwamba wako kinamama wanaoijua dripu ya magnesiamu kutoka wodi ya wazazi. Huko ndiko sifa yake ilikothibitishwa zaidi. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, uliohusisha kinamama zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Dawa ileile iliyoshindwa kuuponya ubongo uliogongwa, humkinga mama mjamzito asipate degedege. Ndiyo maana tunasema, usiulize tu "Hii ni dawa gani?" Uliza pia, "Ni ya kazi gani kwa mgonjwa huyu?"

JAMAA WAFANYE NINI?

Huenda mtu akasema, mambo haya ni ya madaktari, sisi tulio nje ya mlango tunaweza nini? Mnaweza mengi.

1. Msicheleweshe. Majeruhi anayetoka damu abanwe mahali panapovuja kwa kitambaa safi kwa nguvu, apelekwe hospitali mara moja. Hakuna dripu inayoweza kurudisha saa zilizopotea njiani au kwa mganga wa kienyeji.

2. Semeni ukweli wote. Kama ana ugonjwa wa figo, kisukari au moyo, kama anatumia dawa yoyote, hata za kienyeji, semeni. Kama anakunywa pombe kila siku, semeni bila kuona haya. Daktari hayuko pale kuhukumu. Mnywaji anapolazwa na kukatishwa pombe ghafula anaweza kupata mtetemo na degedege, na mara nyingi amepungukiwa magnesiamu. Siri ya familia inaweza kumgharimu uhai wake.

3. Chagueni msemaji mmoja. Ndugu kumi wakiuliza maswali yaleyale kwa muuguzi mmoja, mgonjwa ndiye anayekosa muda wake. Mmoja aulize kwa adabu, aandike majibu, awaeleze wengine.

4. Msiguse kidude cha kuharakisha wala kupunguza dripu. Wapo wanaofungua ili "ziishe upesi twende nyumbani", na wapo wanaofunga kwa hofu. Tumeshaona ni kwa nini mwendo wa dawa hii ni jambo la uhai. Chupa ikiisha, au mkono ukivimba pale sindano ilipoingia, mwite muuguzi.

5. Mgonjwa aliye macho akisema anasikia joto kali, au analegea, au pumzi inamwia nzito, mwambieni muuguzi papo hapo. Msingoje afike kwa zamu yake.

6. Mkiwa na mashaka, ulizeni kabla ya kukataa. Mnayo haki ya kuelezwa kwa lugha mnayoielewa. Maneno manne yanatosha: ni dawa gani, ni kwa sababu gani, ina hatari gani, mtaiangaliaje?

7. Mgonjwa akiruhusiwa kula, mleteeni chakula kile alichoagizwa. Maharage laini, mboga za majani na uji wa ulezi au wa dona ni chakula cha kujenga mwili, na ndani yake imo magnesiamu ile ile. Hapo dripu imekwisha kazi yake, na jiko la nyumbani linaipokea.

YULE KIJANA JE?

Mtapenda kujua mwisho wa kijana wetu fundi seremala. Baada ya maelezo ya daktari, baba yake mkubwa alirudi mlangoni, akamwambia muuguzi, "Sista, samahani. Nilikuwa na hofu." Muuguzi akajibu, "Mzee, hofu ni ya mzazi. Karibu uulize wakati wowote." Dripu iliendelea. Kesho yake mtetemo ulikuwa umepungua na mapigo ya moyo yametulia. Alikaa hospitali wiki nyingi, akatoka kwa magongo. Sasa amerudi karakanani kwake, ingawa anachechemea na hawezi kusimama siku nzima.

Je, ni magnesiamu iliyomponya? Hapana, hatuwezi kusema hivyo. Waliomwokoa ni wapita njia waliombana paja damu isitoke, dereva aliyemkimbiza hospitali, waliotoa damu bila kumjua, wapasuaji na wauguzi wa usiku. Chupa ile ndogo ilifanya sehemu yake ndogo, kwa wakati wake, kwa kipimo chake. Lakini kama angeondolewa kitandani usiku ule kwa ajili ya neno "haluli", juhudi za hao wote zingepotea bure.

Mama yake alituambia kwamba mzee yule sasa ndiye anayewafundisha wengine katika jumuiya yao ndogondogo. Akienda kumtazama mgonjwa hospitali na kuona chupa asiyoijua, hanyamazi wala hagombi. Anavua kofia, anasalimia, kisha anauliza: "Sista, hii ni ya kazi gani kwa mgonjwa wetu?" Nasi tunawaomba wasomaji wote wafanye vivyo hivyo.